Mikono ya Kina Stedwell

Pigeon Run, Ohio
4 Septemba 1851

Kwa Bibi Philura Stedwell, Harrow Brook, Connecticut

Shangazi,

Hunijui, nami sikujui ila kwa jina. Mimi ni Orpha, binti wa marehemu Abijah Stedwell mfinyanzi, aliyeondoka huko kwenu mwaka wa 1812 akaja Ohio na gari la ng'ombe. Baba yako Amasa na babu yangu Jotham walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo wewe ni shangazi yangu, na kwa haki hiyo naingia bila kupiga hodi mara tatu.

Nataka kujua habari za babu Jotham. Baba hakupenda kumtaja. Tukimwuliza alisema, "Alikuwa mfinyanzi, akafa," kisha anarudi kwenye gurudumu lake. Najua tu kwamba ndiye wa kwanza wa ukoo wetu kushika udongo.

Nikueleze kwa nini nauliza, nisionekane mpekuzi. Kaka yangu Lyman ana miaka thelathini na mbili, na ndiye anayeendesha karakana ya baba. Tangu mavuno ya mwaka jana mkono wake wa kulia umelegea. Akiunyoosha mbele, kiganja kinaning'inia kama tambara kwenye kamba. Vidole havimtii. Tumbo humsokota hadi anajikunja sakafuni. Na baba yetu alimalizikia vivyo hivyo, mikono yote miwili. Tulisema ni uzee, ingawa hakuwa mzee. Clarinda, mke wa Lyman, amezika watoto wawili wachanga. Amebaki na Dorcas tu, wa miaka mitatu.

Juzi Daktari Vosburgh alimgeuzageuza Lyman mikono, akauliza, "Baba yako alikuwa hivi. Na babu yako je?" Hatukuwa na jibu. Akasema, "Basi litafuteni. Kama ni watatu mfululizo, hiyo ni damu, na dawa ya damu mimi sina."

Kuna mtu anaitwa Hosea Tuttle, fundi wa matandiko ya farasi. Amenichumbia tangu theluji ilipoyeyuka, nami nimemwambia angoje. Sitaki kumzalia mwanamume mwema watoto wa kwenda kuwazika. Hosea anasema, "Orpha, hata farasi hanunuliwi kwa kumtazama babu yake." Nikamwambia, kumbe wewe fundi matandiko na hujui farasi! Ndivyo anavyonunuliwa hasa. Alicheka, lakini hakukaa sana siku ile.

Niambie kweli, shangazi. Babu Jotham alikufaje? Mikono yake ilikuwaje?

Wako usiyemjua,
Orpha Stedwell


Harrow Brook, Connecticut
27 Septemba 1851

Mwanangu Orpha,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama uani na ufagio mkononi. Sikuweza kungoja kuingia ndani. Miaka mingapi sijaitwa shangazi na mtu! Walioniita hivyo wote wamehamia magharibi, wakasahau kuandika.

Nilifunga kofia yangu nikaenda kwa karani wa mji, Bwana Alvah Pruitt, ambaye akikufungulia kitabu utadhani umekuja kumng'oa jino. Hiki ndicho nilichokipata kwake na katika daftari la kanisa. Babu yako Jotham alizaliwa mwaka wa 1752, mtoto wa nne wa kiume, na shamba halikutosha kugawanywa mara nne. Alipelekwa pwani kujifunza ufinyanzi. Alirudi mwaka wa 1777 akamwoa Tamar Goodsell, akapata kipande cha ardhi kando ya kijito, penye udongo mwekundu ambao wakulima waliulaani kwa kuwa ulikwamisha majembe yao. Yeye aliuita siagi. Majagi, bakuli, mitungi ya siki, sahani za kuokea: wilaya nzima ilikula na kunywa kwa vyombo vyake. Alivipakia garini ndani ya majani makavu na kwenda navyo nyumba kwa nyumba, na wanawake walikuwa wakimsikia akiimba kabla hawajamwona. Baba yako Abijah alizaliwa mwaka wa 1780. Watoto wengine wawili walifariki wadogo, kama walivyofariki watoto wa zama zile.

Alikufa mwaka wa 1794, kwa homa. Siku tano tu. Mikono yake ilikuwa na nguvu mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka tisa na namkumbuka vizuri.

Kwa hiyo mwambie daktari wako atafute kwingine. Kaka yako labda ana baridi yabisi. Akae karibu na moto na afungwe mikono kwa sufu.

Na wewe olewa, mwanangu. Usimgojeshe huyo mtu. Mimi sikuolewa, na sababu yake nilidhani ni nzuri wakati ule. Mtu mwenye tabia ya kucheka halafu akaondoka mapema kwa huzuni, huyo mrudishe mlangoni haraka.

Shangazi yako,
Philura


Pigeon Run, Ohio
30 Oktoba 1851

Shangazi mpenzi,

Tazama jina lililo chini ya barua hii! Tulioana tarehe kumi na sita, sebuleni kwa Lyman. Niliposoma barua yako nilimkuta Hosea akishona hatamu. Nikamwambia, "Babu yangu alikufa kwa homa." Akasema, "Pole sana." Halafu akaelewa, akajidunga sindano, akaruka huku na huko akinyonya kidole kama mtoto. Laiti ungemwona! Furaha hii ni kazi ya mkono wako.

Daktari naye ameacha habari ya damu. Anasema ni baridi yabisi, kama ulivyosema. Lyman anafungwa sufu, anatolewa damu kila wiki mbili, anakaa karibu na moto. Lakini mkono wa kushoto nao umeanza. Bado anaweza kufinyanga kidogo, kwa kuegemeza viwiko, ila kusaga hawezi tena.

Kwa hiyo nimeingia karakanani. Usishtuke! Kama si damu, basi mimi ni mzima kama jiwe la kinu, na vyombo vya watu vinangoja. Asubuhi nasaga unga mwekundu wa madini ya risasi, naupepeta, nauchanganya na maji na udongo mwembamba mpaka uwe kama uji, kisha nachovya vyombo kimoja kimoja. Vikitoka tanurini vinang'aa kama asali. Huko mjini sasa wanang'arisha kwa chumvi, lakini udongo wetu hauvumilii moto wa namna hiyo, hupasuka. Hosea ananicheka kwa sababu narudi nyumbani na uso mwekundu kama ngozi iliyotiwa rangi. "Nimemwoa Orpha," anasema, "huyu anayerudi jioni ni nani?" Na ule unga, shangazi, ukiingia mdomoni ni mtamu. Sikulijua hilo.

Kwa sababu ya vumbi sina hamu sana ya chakula, na tumbo linanivutavuta, lakini nadhani ni mambo ya bibi harusi.

Nimeanza kuandika majina ya ukoo kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia ya Hosea. Niandikie majina ya wale watoto wawili waliofariki wadogo. Nataka wawepo.

Wako akupendaye,
Orpha Tuttle


Harrow Brook, Connecticut
24 Novemba 1851

Mwanangu Orpha,

Hongera. Nimefurahi zaidi ya ninavyoweza kuandika, na mimi si hodari wa kuandika.

Majina ya watoto nitakutumia. Bwana Pruitt anaumwa na kitabu kimefungiwa.

Orpha, kazi ile ya kusaga iache. Si kazi ya mwanamke aliyeolewa karibuni. Tafuteni mtu mwingine, au Lyman aache kufinyanga kwa muda, auze mahindi, afanye lolote. Sina sababu ya kukupa. Fanya tu kwa kuwa nimekuomba.

Shangazi yako,
Philura


Pigeon Run, Ohio
8 Januari 1852

Shangazi mpenzi,

Nilimsomea Hosea barua yako kwa sauti naye akasema, "Shangazi yako anadhani wewe ni sahani ya kaure." Usikasirike. Najua huko kwenu wanawake hawaingii karakanani, lakini hapa Ohio mwanamke hupasua magogo na kuzaa siku hiyo hiyo. Na tukiiacha karakana, Lyman atabaki na nini? Hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimemwambia Hosea tu. Naona nina mimba. Nahesabu miezi miwili. Clarinda atajua tu nikikataa kahawa, kwa hiyo nainywa na kutabasamu.

Lyman si mzima. Siku ya Ijumaa alianguka akatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, na Clarinda alimkalia miguuni asijipige kwenye jiko. Alipozinduka hakutujua kwa muda wa saa nzima. Alimwita Dorcas kwa jina la mama yetu. Tangu hapo amekuwa na hasira za ghafla, yeye ambaye hakuwahi kumkaripia hata mbwa. Daktari anakuja, anatazama, anakwenda. Nasi tunakaa tumemzunguka, kila mtu akimwangalia mwenzake kama kwamba yeye ndiye aliyeficha dawa.

Najikaza. Najiambia, kama yangekuwa ya damu ningeogopa usiku na mchana, kwa ajili yangu na kwa ajili ya huyu anayekuja. Lakini wewe ulinitoa hofu hiyo, na kila siku nakushukuru.

Samahani kwa mwandiko. Vidole vya mkono wangu wa kulia vimekuwa vizito siku hizi, na sindano inanidondoka. Ni baridi.

Wako,
Orpha


Harrow Brook, Connecticut
2 Februari 1852

Orpha,

Barua hii isome kabla hujafanya kitu kingine chochote. Kama uko karakanani, toka nje uisomee barazani. Usirudi ndani.

Nilikudanganya.

Babu yako hakufa kwa homa. Mikono yake ililegea ikaanguka yote miwili, kama ya baba yako, kama ya Lyman. Kisha akaanza kuanguka na kutetemeka, kisha akili ikamtoka. Baba yangu na ndugu zake walimweka kwenye chumba nyuma ya ghala letu la kuni na kufunga mlango kwa nje. Alikaa mle miezi saba. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, kwa kuwa nilikuwa mdogo na hakuwahi kunipiga. Nilimlisha kwa kijiko. Siku nyingine alinijua, akasema, "Asante, Philly," na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Baba yako alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mfinyanzi mwingine mbali, hakuona. Alipokufa, baba yangu alituketisha mezani akasema, "Hili halitoki nje ya nyumba hii. Watu wakisikia ni wazimu wa ukoo, hakuna atakayewaoa nyie wasichana." Tukatangaza homa.

Wala watoto waliokufa hawakuwa wawili. Ni sita. Bwana Pruitt hakuumwa. Daftari nililiona siku ile ya kwanza. Patience, Reuben, Tamar, Reuben wa pili, Mercy, na mmoja ambaye hakupewa jina.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili alipokuja mtu aitwaye Ansel Rudd kutaka kunioa. Nilimpenda. Nilimkatalia pale pale langoni na sikumwambia sababu. Niliogopa damu yangu. Kwa hiyo ulipoandika kwamba umemwambia Hosea angoje, niliona ni mimi nasimama tena langoni, na nikasema huyu hatapita nilikopita. Hiyo ndiyo sababu ya uongo wangu. Nilidhani damu ikishakuwa mbaya ni mbaya, kujua hakusaidii kitu, bora uishi miaka yako na mtu anayekupenda.

Barua yako ya Januari ilinikosesha raha. Vidole vizito! Tumbo! Nilijiambia, imeanza naye. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Wewe ulikuwa mzima mpaka ulipoingia karakanani. Nikamwomba jirani anipeleke kwa gari la kuteleza juu ya theluji hadi ng'ambo ya kilima kwa Submit Crane. Ana miaka themanini na minane, hasikii sikio moja, na bado anavuta kiko. Mumewe Eli alikuwa kibarua wa babu yako, ndiye aliyesaga.

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za baba mdogo Jotham.

"Jotham yupi?" akasema. "Yule mliyemfungia?"

Nilifungua kofia yangu nikaketi.

"Miaka hamsini na minane mnatembea midomo imefungwa kama mikoba, mkidhani hatujui. Alikuwa akipiga kelele mpaka ng'ombe wangu wakakataa kukamuliwa. Homa! Homa gani hiyo inayolia miezi saba?"

Nikamwambia, "Ilikuwa damu ya ukoo wetu, Bibi Crane. Tuliona haya."

Akakitoa kiko mdomoni. "Damu? Eli wangu alikuwa Stedwell? Alisaga ule unga mwekundu miaka tisa na mikono yake ikaanguka kama ya Jotham, kidole kwa kidole. Akaja Mdachi mmoja baada yake, naye vivyo hivyo. Na yule paka wa karakanani aliyekuwa akilamba ndoo, naye alikuwa Stedwell? Nyie watu mna majivuno. Hata ugonjwa mnataka uwe wenu peke yenu."

"Mlijua?"

"Wafinyanzi wote wanajua, binti Amasa. Kama mkata miti anavyojua mti huanguka. Lakini bila risasi chombo hakishiki maji wala haking'ai, na nani atakitaka? Wanasaga tu na kumwomba Mungu. Na si wao peke yao. Tia siki kwenye mtungi mpya, tia matofaa yaliyopikwa, yanalamba ule mng'aro, na anayekula anaula. Tamar alipikia kwa vyombo gani, unadhani? Amewazika wangapi?"

"Sita."

"Mimi wanne. Halafu nikavitupa vyote mtoni, nikanunua vya bati, nikapata wawili wanaoishi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" akasema. "Nyie ndio mliofunga mlango."

Baba yangu, Orpha, ndugu wa tumbo moja wa Jotham, alilima kwa plau mpaka miaka themanini na mmoja. Alikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Mikono yangu mwenyewe ni mizima. Sikufikiri. Nimejilinda miaka arobaini na minne na ugonjwa ambao sikuwa nao. Ansel Rudd ana watoto wanane. Nawaona kanisani kila Jumapili, na wote wana pua yake.

Lakini mimi si kitu sasa. Toka karakanani. Mtoe Lyman. Fungeni tanuri. Vyombo vyote vya nyumbani vilivyong'arishwa vitupeni, vya Clarinda na vya Dorcas vile vile. Usile wala kunywa kwa kitu chochote alichotengeneza ndugu yako. Nisamehe. Ningekuambia habari za mikono ya babu yako siku ya kwanza, na watoto sita, labda wewe mwenye akili ungeona ambacho mimi sikukiona. Au ungeogopa tu, usiguse karakana. Hata hofu ingekuokoa. Nisamehe. Nimeandika nakala mbili za barua hii, moja inapita Buffalo na nyingine njia ya kusini, kwa kuwa wanasema ziwa limeganda. Nisamehe, mwanangu. Niandikie hata neno moja. Nisamehe.

Philura


Pigeon Run, Ohio
11 Aprili 1852

Shangazi,

Mwandiko huu ni wa Hosea. Maneno ni yangu. Mkono wangu wa kulia hauwezi kalamu tena, na wa kushoto haukujifunza.

Barua zako zote mbili zilifika siku moja, tarehe ishirini na nane Februari. Lyman tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Alikufa katika kutetemeka kwake, Clarinda amemshika miguu na mimi kichwa. Nilitoka karakanani siku hiyo hiyo niliyosoma, na sijarudi. Mtoto alitoka tarehe sita Machi. Alikuwa wa kiume. Hosea alimtengenezea kisanduku kwa ngozi na mbao, kama anavyotengeneza visanduku vya matandiko, kwa sababu hajui kutengeneza vya namna nyingine.

Niliichukua barua yako nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilidhani nikiwasomea maneno ya Submit Crane wataelewa. Bi Lodema Hatch alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Jagi hili la baba yako limemnywesha mama yangu, na mama alikufa na miaka themanini." Nikamwuliza, "Na alizika watoto wangapi?" Akafunga mlango. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani, akaketi na kofia magotini, akasema kwa upole kwamba huzuni imenizidi na si vizuri kumchafua marehemu asiyeweza kujibu. Daktari Vosburgh alisema amewahi kusikia habari hizo kwa wapaka rangi wa mijini, lakini sahani haijawahi kumwua mtu. Sasa nikionekana barabarani wanawake wanaondoa mitungi barazani kama kwamba nimekuja kuiba.

Hayo ningeyavumilia. Ni Clarinda, shangazi.

Nilimsomea barua yote. Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyewaua wanangu."

Nikasema, "Hakujua."

"Unataka kuniambia alivyokuwa akiwakumbatia na vumbi lile kifuani, na vile vikombe alivyowatengenezea kwa mkono wake, ndivyo vilivyowaua."

"Clarinda, hakujua. Hakuna aliyejua."

"Basi sitaki kujua," akasema. "Nimemzika. Nitamzika mara moja tu."

Kabla ya mikono kumwishia kabisa, Lyman alimtengenezea Dorcas bakuli, na kuandika jina lake pembeni kwa udongo mweupe, herufi zimepinda kwa kuwa aliandika na kalamu ya unyoya ameiuma kwa meno. Dorcas anakula uji kwa bakuli hilo asubuhi na jioni. Tumbo lake limeanza kuuma. Mimi nimemwona akijikunja.

Jumanne nilikwenda kulichukua. Sikuomba. Niliingia, mtoto yuko mezani anakula, nikanyoosha mikono. Clarinda hakuinuka kunizuia. Alikaa tu akanitazama, na nilipolishika bakuli nikajua kwa nini. Viganja vyangu viligeuka chini. Bakuli halikuinuka hata kidogo, liliinama tu, uji ukamwagika mezani na kwenye gauni la Dorcas, na mtoto akaanza kulia kwamba shangazi amemwaga chakula chake. Clarinda akafuta meza. Akalijaza tena bakuli lile lile, akamwekea mbele yake, akamwambia, "Kula, mama." Nilisimama pale mpaka akamaliza. Sikujua niende wapi.

Hosea alikwenda kesho yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, naye si mtu wa kuvunja mlango wa mjane.

Umeomba nikusamehe mara nne, Hosea amehesabu. Nimemwambia aandike kwamba sijui. Ameweka kalamu chini, anasema haandiki neno hilo kwa bibi wa miaka sitini na saba. Nimemwambia, andika, Hosea, mikono ni yako lakini barua ni yangu. Sijui, shangazi. Siku nyingine nakuona ukiwa na kijiko kwenye ghala la kuni, mtoto wa miaka tisa, nalia kwa ajili yako. Siku nyingine nahesabu tu tarehe: Septemba, Oktoba, Novemba.

Majina sita nimeyaandika kwenye Biblia. Hosea ameongeza la saba. Tulimwita Abijah.

Orpha


Harrow Brook, Connecticut
3 Mei 1852

Mwanangu Orpha,

Sikuombi tena unisamehe.

Kuku nimempa jirani, na ufunguo wa nyumba anao Bwana Pruitt. Jumatano napanda treni hadi Buffalo, kisha meli ya ziwani, kisha gari lolote litakalokubali kumbeba kizee. Sijawahi kulala nje ya wilaya hii. Submit Crane alitaka kuja pia. Binti yake alimficha viatu. Badala yake ameweka alama ya mkono wake kwenye karatasi, mbele ya mchungaji, na maneno yake yote yameandikwa humo, hata yale ya paka.

Clarinda hanijui, kwa hiyo bado hajapata sababu ya kunifungia mlango. Sitamwambia kwamba mumewe aliua. Nitamwambia habari za bibi yako Tamar, aliyezika sita na hakuna aliyemwambia neno, na habari za mtoto aliyelisha mtu kwa kijiko akanyamaza. Nitamwambia kunyamaza kulituletea nini. Nimemnunulia mtoto bakuli la bati. Ni baya, halina jina. Najua hatalipenda.

Huenda nikachelewa, nimechelewa kwa kila jambo. Huenda Clarinda akasikiliza mpaka mwisho na kuniambia yale yale aliyokuambia. Akinifungia mlango, nitakaa kwenye ngazi zake na bakuli magotini. Mvua ikinyesha nitakaa. Watu wenu wakipita na kucheka nitakaa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa ndani siku zote, Orpha. Lazima atatoka kucheza.

Philura